Chuma Kilichosimama Katikati ya Nyumba

Sifa, mukemwenza wangu,

Ninaandika kwa sababu nikisema unajibu. Karatasi haijibiwi. Umekwenda Anderlecht kuaga mama yako, na mama yako ninamujua, nilimuzaa mimi: atakupikia, atalia, atakupikia tena. Hautarudi mbele ya giza. Donc niko na mchana muzima, kalamu ya bic, na chai. Shule yangu ilisimama mwaka wa tatu, kule kwetu Kiliba, kwa watu wa misioni. Ukiona mistari inapanda mulima na kushuka, panda na ushuke nayo. Usinisahihishe.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule. Muntu wa miaka makumi mbili asiyejua kula, hata barua haitamusaidia. Unaenda Toulouse kujifunza kutengeneza ndege, kazi ambayo mu ukoo wetu hakuna aliyeigusa hata kwa kidole, na kesho utapanda treni ku stesheni ya Midi. Neno langu ni hilo moja: utapanda. Mwaka jana haukupanda, na wewe na mimi hatujawahi kulitamka. Tutafika pale. Kwanza nyumba.

Unafikiri nyumba hii unaijua kwa sababu umekulia ndani. Samaki naye anafikiri anajua ziwa.

Babu yako Elia alikuwa mufundi wa matofali ku chantier, pale wanajenga majengo. Tulikuwa tunakaa Anderlecht, hapa hapa Bruxelles, mu jengo lile refu ambalo ascenseur yake, ile ya kupandisha watu juu, ilifanya kazi siku inayotaka yenyewe. Jioni moja anaingia, viatu hajavua, anasema:

"Mama Mapendo, nimepata nyumba. Ya chini. Iko na kiwanja."

"Ya nani?"

"Ya muzee mumoja Flamand, muzungu wa hapa, kule Berchem. Nimemutengenezea paa. Hana mutoto. Anasema tuingie, tutengeneze, akikufa ibaki yetu. Ataandika kwa notaire, muntu wa sheria."

"Na sasa ndani anakaa nani?"

Akainama kuvua viatu. Kwa babu yako hilo lilikuwa jibu.

Walikaa ng'ombe. Si siku zile, zamani, lakini harufu haikuwa imehama. Ilikuwa grange, ghala la shamba: nyasi kavu juu, wanyama chini, mulango mukubwa wa kuingiza mukokoteni. Nikasimama pale mulangoni na koti langu la kanisa, nikamuambia: "Elia, nilitoka kwetu na mutoto mgongoni nije kulala mahali pa ng'ombe?"

Muzee mwenyewe, jina lake Jef, hakujua Kiswahili, lakini sura yangu aliielewa. Akanishika mukono kama muntu anashika mugonjwa, akaniingiza. Kifaransa chake kilikuwa kibaya kuliko changu, ndiyo maana tulisikilizana. Akanionyesha nguzo na boriti, zote za mwaloni, ule muti wa mu Biblia. Hakuna musumari hata mumoja. Muti unaingia mu muti, na kati yao kibao kidogo kimepigwa kama kizibo. Na pale muti unapokutana na mwenzake, mufundi wa zamani alichora alama kwa patasi: fimbo moja hapa na fimbo moja pale, fimbo mbili hapa na fimbo mbili pale. Umeziona maisha yako yote. Ulikuwa unaweka ulimi nje na kuzihesabu.

Zile alama ni za kusafiri. Babu ya Jef aliikuta hii grange imesimama mu kijiji kingine, akaipenda kuliko ya kwake. Wakaichora, wakaifungua kipande kwa kipande, wakaipakia ku mikokoteni, wakaileta Berchem wakati Berchem ilikuwa mashamba ya viazi na njia za matope. Wakaisimamisha tena. Ile boriti juu ya dirisha la jikoni, alama zake hazikubaliani na nguzo inayoibeba. Jef alisema siku ile watu walikunywa mbele ya kumaliza. Bado imebeba.

Pasteur wetu aliposikia habari hii macho yakamung'aa. Akataka kuifanyia mahubiri, ati hata nyumba ni mukimbizi. Nikamuambia: "Pasteur, mbao ni mbao. Haikuomba karatasi ku ofisi ya commune." Akaiacha. Na wewe usiifanyie mahubiri huko Toulouse.

Bon. Tuliingia. Babu yako akatoa nyasi iliyooza, akaleta maji, akatengeneza choo, akaweka ghorofa pale ulipo na chumba chako. Mimi nikapiga ukuta kwa ufagio ili nitoe buibui. Ukuta ukamwagika ku miguu yangu. Nikainama, nikachukua, nikasugua kwa vidole. Nikamuita.

"Elia! Hii ni udongo."

"Ninajua."

"Fito na udongo! Hii ni nyumba ya mamangu!"

Naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nimezaliwa mu nyumba ya fito na udongo. Kila mwaka mbele ya mvua nilikuwa ninakanyaga udongo na mamangu na kukandika, na kila mwaka mvua ilirudi kututafuna. Kwetu muntu akipata kidogo, kitu cha kwanza anatafuta ni simenti. Mbele ya kiti, mbele ya redio. Anapaka simenti juu ya udongo, hata mukono mumoja tu upande wa njia, ili wapita njia waone kwamba hapa watu wamefika. Sasa mimi niko Bruxelles, kwa wazungu, na watu wa kanisa watakuja kuona nyumba ya Mama Mapendo, na watakuta udongo?

Nilimuambia babu yako: funika. Na yeye alikuwa mufundi wa simenti, haukuwa muzigo kwake. Alifunika ndani, alifunika nje, alifunika hata miguu ya nguzo. Akalainisha ikawa kama sahani.

Muzee Jef akaja kuangalia. Alishika kofia mukononi kama kwenye kilio. "Maman," akasema, "huu muti unataka kupumua."

Tulimuheshimu mpaka akatoka. Kisha tukacheka. Muti uliokatwa wakati babu ya babu yake hajazaliwa unataka kupumua! Babu yako akasema: "Pengine uko na pumu." Tukamuhurumia, tukasema uzee umeanza kumuingia.

Watu wa kanisa wakaja. Wakagusa ukuta. Maman Générose, unamujua na mudomo wake, akasema: "Eh, Mama Mapendo, wewe umefika kweli!" Niliyala yale maneno mwezi muzima. Jef alikufa mwaka ule ule, nyumba ikawa yetu kama alivyoandika, na sikumuomba musamaha kwa sababu sikujua bado kama kuko cha kuomba.

Ilianza kama harufu. Halafu mulango ukakataa kufunga. Halafu uyoga ukatoka nyuma ya kabati, mweupe, muzuri, kidogo nichume. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia nyuma ya simenti na hayana pa kutokea. Udongo peke yake ungekunywa na kutapika. Simenti haitapiki. Ule muti wa chini, uliolala juu ya matofali na kubeba nguzo zote za upande wa bustani, babu yako aliuchoma na tournevis, ile ya kukaza skrubu, tournevis ikaingia mpaka ku mupini. Ulikuwa kama mukate ndani ya chai. Ukuta ulikuwa unashuka, na boriti kubwa ya sebule ilikuwa inaufuata.

Akakwenda kwa bosi wake, akarudi na chuma cha chantier, ile nguzo ya chuma ya kukaza kwa kuzungusha. Akaisimamisha katikati kabisa ya sebule, chini ya boriti. "Mwezi mumoja tu," akasema, "mpaka nipate siku za kupumzika nibadilishe muti."

Mwezi ule haukwisha. Siku za kupumzika alizipata, akazilala, kwa sababu alikuwa amechoka, na nyumba ilikuwa imesimama. Hivyo ndivyo inakuwa. Kitu kikisimama, nani atakigusa? Tulianza kutundika makoti pale. Wewe ulikuwa mudogo, unakuja siku ya Mungu na mama yako, na babu yako anakubeba mabegani, unashika kile chuma, anakuambia, kama vile chuma ni mujomba wako: "Salimia Tonton." Ukawa unakisalimia. "Bonjour Tonton." Na wageni nao wakaanza. Babu yako alikuwa anakuita muke wake mudogo, na mimi, kama inavyotakiwa, nikakuita mukemwenza na kukutukana: "Huyu muke wako mupya hajui hata kupangusa pua!" Ulilia mara ya kwanza. Mara ya pili ulinijibu. Hapo nikajua wewe ni wa kwangu.

Halafu babu yako akakufa, moyo, ku chantier, haikuchukua muda. Watu walijaa humu, Tonton alibeba makoti mpaka hakuonekana.

Siku ya kumaliza kilio, ndugu za babu yako walikaa kuongea habari zangu mbele yangu kama mimi ni kabati. Baba mudogo wa mama yako akasema: "Maman hawezi kubaki na kuta. Mapendo, toa mutoto." Hivyo, kama muntu anavyosema toa sufuria. Na mama yako akatoa, kwa sababu kwetu ndivyo inafanywa: bibi akibaki peke yake anapewa mujukuu, wa kumuchotea maji, wa kulala naye, wa kufanya nyumba iwe na sauti. Mimi pia nilitolewa kwa nyanya yangu. Sioni aibu na desturi hiyo. Lakini nyumba ya nyanya yangu ilikuwa nyuma ya ndizi za mama. Nilikuwa ninakula huku, ninakwenda kula kule, jioni sijui tena nimelala kwa nani. Mama yako alikuwa Anderlecht, na wewe Berchem, na kati yenu bisi na metro na mutoto asiyeruhusiwa kupanda peke yake.

Ulikuja na mufuko wa shule mgongoni. Uliuliza neno moja: "Nitarudi lini?" Mimi nikasema: "Utakula kwanza."

Nilifurahi kukupata. Sikusema wakati ule, ninasema sasa mara moja, inatosha.

Ukakulia hapa, unafanya devoirs za shule mu kona, unajipima urefu ku Tonton na kalamu ya feutre nyekundu. Ulijifunza nisipoita unakuja kuangalia kama ninapumua. Hilo sikukufundisha, lakini sikukukataza. Ulikataa safari ya shule ya kulala bahari, ulisema hupendi mchanga. Nani hapendi mchanga?

Fundi Lieve alikuja ulipokuwa na miaka kumi na ine. Boriti ilikuwa imeanza kulia, unakumbuka, kama muntu anakunja vidole mpaka vinalia. Nilitarajia mwanaume. Akaja mwanamuke na penseli mu nywele, akazunguka, akagonga simenti kwa nyundo ndogo, akasikiliza.

"Nani amefanya hii?"

"Bwana yangu."

"Ilikuwa kazi nzuri," akasema. "Kwa nyumba ingine."

Nikamupenda pale pale. Alivunja simenti yote. Aliinua ukuta na majeki taratibu, siku kwa siku, akatoa ule muti uliooza kwa koleo, kwa koleo, kama unga, akaweka mwaloni mupya. Na kwa kuta akataka nini? Udongo. Fito, udongo na nyasi. Mimi nilitoa viatu. Nilipandisha kikwembe, nikaingia mu lundo pale kiwanjani, nikakanyaga. Majirani walisimama ku uzio na wewe ulitaka kufa kwa ajili ya nyanya yako.

"Koko! Watu wanaangalia!"

"Waangalie! Ingia."

"Koko, nina haya."

"Haya itakutoka ku miguu. Ingia!"

Uliingia. Ulikanyaga mpaka jioni, ukaanza hata kuimba, na maneno ya wimbo hukuyajua.

Sasa ndiyo siku ninayotaka. Kazi imekwisha, Lieve anakusanya vyombo vyake. Anaenda kwa Tonton, anaweka mukono. Wewe ukapiga kelele, Sifa. Ulikimbia ukakishika kile chuma kwa mikono miwili: "Non! Itaanguka! Koko ako ndani!" Na Lieve akakuangalia, akasema polepole ili na mimi nielewe: "Haibebi kitu. Tangu tulipoinua ukuta, haibebi kitu. Angalia." Akazungusha kwa vidole viwili. Kikazunguka kama kifuniko cha chupa. Akakitoa, akakilaza chini. Tukaangalia juu, wewe na mimi, tumekaza mabega. Nyumba haikufanya hata "kh". Ukuta tuliuinua mbele ya Pasaka, na siku ile joto lilikuwa limefika, watu walikuwa wamevaa kaptula. Muda ule wote tulikuwa tunamuzunguka Tonton, tunamutundikia makoti, tunamushukuru.

Na mpaka leo kuko shimo ndogo mu sakafu pale alipokanyaga, na mpaka leo, miaka yote hii, wewe unatoka jikoni unaenda mulangoni, unafika pale, unakata kona. Hakuna kitu na unakizunguka. Ninakuona kila asubuhi. Sikuchekei, mimi pia ninazunguka. Maman Générose aliuliza: "Mbona nyinyi munatembea mu sebule kama kuko muntu amelala?"

Alors, mwaka jana. Shule ya Toulouse ilikukubali mara ya kwanza. Ulifunga valizi, ulinikumbatia, ulikwenda Midi siku ya Mungu asubuhi. Mimi nikabaki nimekaa, nimesema ndani yangu: voilà. Kabla ya saa sita mulango unafunguka. Wewe. Valizi mukono huu, kuku mukono huu. Ukasema treni ilikuwa na matatizo, na ukapita ku soko la Midi, na kuku walikuwa wazuri, na mwaka ujao utajaribu tena.

Hakuna treni iliyokuwa na matatizo. Générose alikuwa pale Midi anatafuta bamia, alikuona umekaa juu ya valizi, umeshika tikiti, na treni inaondoka. Aliniambia jioni ile ile. Lakini mimi nilijua mbele yake. Nilijua nilipoona kuku.

Na nilifanya nini? Nilimupika. Niliweka kitunguu, niliweka pilipili, nilikupa shingo kama unavyopenda, nikakula paja. Sikuuliza kitu. Nilikula vizuri sana. Ukaanza kunipangia dawa zangu, ukatafuta kazi ku magasin, dukani, kila jioni saa ile ile ufunguo mu mulango, na mimi nikajiambia, ah, mutoto amechagua. Mutoto alikuwa ameshika chuma.

Nimefikiri mwaka muzima. Mimi si mwepesi. Hii ndiyo nimepata, uichukue au uiache: hakuna muntu mu nyumba hii alifanya vibaya kwa ubaya. Simenti ilikuwa ya heshima. Chuma kilikuwa cha kuokoa. Wewe uliletwa kwa huruma. Lakini kila kimoja kilipomaliza kazi yake, hakuna aliyekuwa na moyo wa kugeuza ile skrubu. Ninaigeuza mimi, kwa sababu wewe hautageuza, na mama yako atalia tu.

Donc sikia. Chumba chako cha juu si chako tena. Siku ya pili ya wiki, Maman Générose anahamia. Nyumba yake imemushinda kwa baridi, na mimi nimemuambia aje. Ndiyo, anakoroma. Ndiyo, atanipigia kelele juu ya chumvi. Tumegombana miaka yote hii bila kumalizana, tutapata nafasi. Kitanda chako kitakuwa chake, nguo zako za baridi nimezifunga mu karto, mama yako atazichukua. Tayari amekubali. Goti langu ni langu, ngazi sitazipanda, nitalala chini kama malkia. Usiniandikie kila siku. Muntu anayetengeneza ndege aangalie ndege.

Ku Midi sitakuja. Niko na kanisa.

Na soko litakuwa wazi, kwa sababu kesho ni siku ya Mungu tena. Utasikia wale wanaouza wanaita, utaona kuku. Waache. Ukirudi na kuku kesho, ninaapa mbele ya ile picha ya babu yako, sitamupika. Nitamuachilia atembee mu kiwanja na nitamupa jina lako.

Ulipokuja hapa na mufuko wako wa shule uliuliza utarudi lini, na nikakujibu chakula. Kesho ukiuliza tena nitakujibu sawasawa. Utarudi ukiwa mugeni. Utagonga, utasema hodi kama watu wote, nitakuacha nje kidogo ili ujue adabu, kisha nitakufungulia na utakaa ku kiti cha wageni na Générose atakuletea chai mbaya. Hivyo ndivyo muntu mukubwa anarudi kwa nyanya yake.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, pale hautaiacha. Utaisoma asubuhi, mimi nikiwa nimekaa ku dirisha la jikoni, chini ya ile boriti ya walevi. Usije kunionyesha macho mekundu. Chukua valizi yako. Kutoka jikoni mpaka mulangoni usikate kona, mukemwenza. Pita katikati, kanyaga ile shimo. Nitakuwa ninaangalia.

Koko wako,
Mama Mapendo